Vumbi la Salfa, Moshi wa Petroli na Afya ya Mpuliziaji wa Mikorosho katika Mkoa wa Mtwara na Ukanda wa Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vumbi la salfa na mvuke wa petroli, vinavyovutwa kwa pamoja wakati wa kupulizia mikorosho, vinavyoathiri mfumo wa upumuaji wa wapuliziaji na wakazi wa mkoa wa Mtwara. Hoja inayojengwa ni kwamba sifa zinazoifanya salfa ifae kwa ua la mkorosho, yaani wembamba wa chembe zake na hewa tulivu ya alfajiri inamopuliziwa, ndizo zinazoifikisha ndani ya pafu. Kwa sababu hiyo, kauli kwamba salfa haina sumu ni ya kweli kwa kipimo cha siku moja na inapotosha kwa kipimo cha misimu mingi.

Utangulizi

Mwaka 1982 gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, kusini mashariki mwa mji wa Mtwara. Mpango wa bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam ulifuatiwa na vurugu za mwaka 2013 zilizoufanya mkoa huu uzungumzwe nchini kote. Tangu hapo, mtu anapotaja viwanda vya kusini, faida zake na madhara yake, fikra za wasikilizaji huelekea Msimbati na Madimba. Jambo hilo linaeleweka. Hata hivyo, kemikali ya viwandani ambayo wakazi wengi wa Mtwara huivuta kila mwaka, kuanzia vijiji vya Tandahimba na Newala hadi Kitaya na Mahurunga karibu na Mto Ruvuma, haitoki kwenye mitambo ya gesi. Hutoka kwenye mifuko ya kilo 25 inayogawiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na hubebwa mgongoni.

Kemikali hiyo ni salfa ya unga. Uhusiano wake na petroli ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya salfa inayouzwa duniani leo ni zao la mitambo ya kusafishia mafuta ghafi na gesi: haidrojeni salfaidi iliyomo ndani ya mafuta hutenganishwa, kisha hubadilishwa kuwa salfa tupu ya rangi ya manjano. Gesi ya Ghuba ya Mnazi karibu yote ni methani, na haihusiki na uzalishaji huo. Kwa hiyo mkoa unaotoa gesi huagiza kutoka nje mabaki ya mafuta na gesi ya nchi nyingine, na kuyapuliza juu ya miti yake.

Kwa nini salfa

Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kufikia msimu wa 1986/87 ulikuwa umeporomoka hadi kati ya tani 16,000 na 17,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei duni na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao wakati wa Operesheni Vijiji, lakini mojawapo ilikuwa ugonjwa wa ubwiriunga, ambao taarifa yake nchini ilitolewa mwaka 1979. Ubwiriunga husababishwa na kuvu anayeshambulia majani machanga na maua. Ua lililoshambuliwa hunyauka bila kutunga korosho. Kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele ilionesha kuwa salfa ya unga, ikipuliziwa kwa wakati, huzuia hasara hiyo. Bila salfa, sehemu kubwa ya ufufuaji wa zao hili isingewezekana, na mjadala wowote wa afya usioanza na ukweli huo hautasikilizwa na mkulima, wala haustahili kusikilizwa.

Kipimo kilichozoeleka ni gramu 250 kwa mkorosho kwa kila mzunguko, na mizunguko hufikia 5, ikipishana kwa takriban wiki mbili. Mkorosho mmoja hupokea hivyo kilo 1.25 kwa msimu. Katika shamba lililopandwa kwa nafasi ya meta 12 kwa 12, lenye mikorosho 69 kwa hekta, hiyo ni zaidi ya kilo 86 kwa hekta moja. Sehemu ya unga huo hushika kwenye majani na maua. Unaobaki huanguka ardhini au huelea.

Athari za unga unaoanguka ardhini zimechunguzwa. A. E. Majule na wenzake waliandika mwaka 1997 kuhusu athari za kimazingira za kupulizia mikorosho salfa kusini mwa Tanzania, na mwaka 2003 E. L. Ngatunga, S. Dondeyne na J. Deckers walichapisha makala inayouliza iwapo salfa inatia asidi udongo wa mashamba ya korosho ya kusini mashariki. Maswali hayo ni ya lazima, kwa kuwa bakteria wa udongo hubadilisha salfa kuwa asidi ya salfuriki, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuizimua. Inastaajabisha kidogo kwamba asidi ya udongo ilipata watetezi mapema kuliko koo la mtu anayepulizia.

Chembe, umande na utulivu wa alfajiri

Msimu wa kupulizia huangukia miezi ya kiangazi, kuanzia takriban Juni hadi Septemba, wakati upepo wa kusi unavuma kutoka baharini. Mchana kusi huchukua unga na kuutawanya kabla haujafika kwenye maua. Kwa hiyo kazi hufanywa usiku wa manane kuelekea alfajiri, upepo unapotulia na majani yakiwa na umande unaosaidia unga kushika. Kwa upande wa kilimo, uamuzi huu hauna kasoro.

Kwa upande wa upumuaji, hali ni tofauti. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoa upesi, na hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko ile iliyo juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi, na chochote kilichomo hubaki chini pamoja nayo. Vumbi lililorushwa hadi kwenye matawi hushuka polepole ndani ya tabaka hilo hilo ambamo mpuliziaji anavuta pumzi.

Polepole kiasi gani hutegemea ukubwa wa chembe. Katika hewa tulivu kabisa, chembe ya salfa yenye kipenyo cha mikrometa 10 huhitaji takriban robo saa kushuka kutoka kimo cha meta 6. Chembe ya mikrometa 2 huhitaji zaidi ya saa 6 kushuka kimo hicho hicho. Maana yake ni kwamba unga mzito unaoonekana ukitanda kama ukungu wa manjano huwa umekwisha kutua wakati mpuliziaji anapozima mashine, ilhali unga mwembamba usioonekana bado unaelea jua linapochomoza, watoto wanapoamka na moto wa chai unapowashwa. Mikorosho ya Mtwara haiishii shambani. Hufika hadi uani, na nyumba nyingi zimejengwa chini ya vivuli vyake.

Pua na koo hunasa sehemu kubwa ya chembe zinazozidi mikrometa 10. Zilizo ndogo kuliko hizo huingia kwenye mirija ya hewa, ambako hunaswa na ute unaosukumwa juu na vinyweleo vidogo hadi kooni, ukamezwa au kutemwa. Chembe zilizo chini ya takriban mikrometa 2.5 huweza kufika kwenye vifuko vya hewa, mahali oksijeni inapoingia kwenye damu, ambako hakuna ute wala vinyweleo vya kuziondoa. Huko huondolewa na seli za kinga, kazi inayoambatana na uvimbe wa tishu. Uvimbe wa mara moja hupona. Uvimbe unaorudiwa kila baada ya wiki mbili, msimu baada ya msimu, huweza kuinenepesha mirija na kupunguza upana wake. Unga ukisagwa kuwa laini zaidi, hufunika ua vizuri zaidi, na huingia pafuni kwa urahisi zaidi. Hakuna namna ya kutenganisha sifa hizo mbili.

Kiasi kinachovutwa kinaweza kukadiriwa kwa mfano. Mtu aliyepumzika huvuta hewa ya lita 6 hadi 8 kwa dakika. Anayetembea na mzigo mgongoni huweza kuvuta lita 25 au zaidi. Kwa saa 4 za kazi, hiyo ni meta 6 za ujazo. Mwongozo unaotumika Marekani kwa vumbi lisilowekewa kiwango chake maalumu unapendekeza lisizidi miligramu 10 kwa meta moja ya ujazo kwa vumbi lote linalovutwa, na miligramu 3 kwa lile linalofika ndani kabisa ya mapafu. Hata kama hewa ya shambani ingekuwa kwenye kikomo hicho cha juu, mpuliziaji angevuta miligramu 60 kwa alfajiri moja. Anayefanya kazi ndani ya wingu analolirusha mwenyewe yuko katika mazingira ambayo mwongozo huo haukuyafikiria.

Dalili za karibu zinajulikana na kila aliyefanya kazi hiyo: macho kuwasha na kutoa machozi, mafua, koo kukauka, kikohozi, kubanwa kifua. Kuhusu athari za muda mrefu, wachimbaji wa salfa wa nchi nyingine wamewahi kuripotiwa kuwa na bronkitisi sugu na maradhi ya sainasi, ingawa wao walivuta pia dioksidi ya salfa. Ushahidi ulio karibu zaidi na mazingira ya kijijini unatoka bonde la Salinas, California. Katika utafiti wa Rachel Raanan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Environmental Health Perspectives, watoto wa miaka 7 walipimwa nguvu ya mapafu, kisha matokeo yakalinganishwa na kiasi cha salfa kilichotumika mashambani ndani ya kilometa 1 kutoka nyumbani kwao katika mwaka uliotangulia. Kila kiasi hicho kilipoongezeka mara 10, hewa ambayo mtoto aliweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ilipungua kwa wastani wa mililita 143, uwezekano wa kutumia dawa za pumu uliongezeka kwa takriban mara 3.5, na ule wa kuwa na dalili za upumuaji kwa mara 2. Uhusiano wa takwimu si uthibitisho wa chanzo. Lakini watoto hao hawakupulizia chochote. Waliishi jirani tu na mashamba.

Petroli mgongoni

Mashine ya kupulizia huendeshwa na injini ndogo inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Injini za aina hii hutoa nje sehemu ya mafuta yake bila kuungua, pamoja na monoksidi ya kaboni. Bomba la moshi liko sentimeta chache kutoka kisogoni mwa mtu. Hewa tulivu ya alfajiri inayolizuia vumbi lisitawanyike huuzuia pia moshi huo.

Mvuke wa petroli huyeyuka katika mafuta, na kwa hiyo hupenya kwa urahisi kwenye ubongo. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kutembea kwa kuyumba ni dalili za ubongo uliozubaishwa, na huondoka mtu anapopata hewa safi. Kwa kuwa huondoka, hupuuzwa. Benzini iliyomo ndani ya petroli ina tabia tofauti: huathiri uboho, mahali chembe za damu zinapotengenezwa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2025 shirika hilo liliiweka petroli yenyewe katika kundi hilo hilo.

Hatari iliyo ya haraka kuliko zote hutokea kabla mashine haijawashwa, pale petroli inapovutwa kwa mdomo kupitia mpira kutoka kwenye dumu au tangi la pikipiki. Petroli ni nyepesi na hutambaa upesi. Tone linalopalia huingia kwenye mirija ya hewa na kusambaa juu ya utando unaoviweka wazi vifuko vya hewa, ukaharibika. Matokeo yake ni nimonia ya kemikali, inayoweza kuanza ndani ya saa chache. Aliyemeza petroli au mafuta ya taa hapaswi kulazimishwa kutapika, kwa kuwa kutapika huyapitisha mafuta kooni mara ya pili na kuongeza nafasi ya kupalia. Imani iliyoenea nchini kwamba maziwa husafisha sumu haina msaada hapa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi na petroli vilivyovutwa viko mapafuni.

Salfa inapoungua

Salfa ikishika moto hutoa dioksidi ya salfa, gesi inayobana mirija ya hewa ya mwenye pumu ndani ya dakika chache. Gramu 1 ya salfa hutoa gramu 2 za gesi hiyo. Ndani ya chumba kilichofungwa chenye meta 30 za ujazo, kiasi hicho kinafikia takriban miligramu 67 kwa meta moja ya ujazo, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa muda wa dakika 10 ni miligramu 0.5. Kuhifadhi mifuko ndani ya chumba kimoja na kibatari, au kuchoma mifuko mitupu jikoni, ni jambo dogo lenye hesabu kubwa.

Jina la dawa

Kiswahili kina neno kongwe la salfa: kiberiti. Wazee wa pwani waliijua kama kiberiti upele, iliyopakwa kutibu ngozi yenye upele, kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Leo kinachopuliziwa mikorosho huitwa dawa, kama ilivyo dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu. Neno kiuatilifu lipo kwenye sheria, kwenye mabango na katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, lakini shambani watu hupiga dawa. Kwa salfa, jina hilo lina historia ya kweli nyuma yake, na ndiyo maana ni gumu kulipinga: kitu kilichowahi kuponya ngozi hakionekani kuwa adui wa pafu.

Jina hilo huimarishwa na uainishaji wa kitaalamu. Lebo za salfa huiweka katika madaraja ya chini ya hatari, na ni sahihi, kwa sababu madaraja hayo hupima kiasi kinachoweza kuua kwa mara moja. Ofisa ugani anaposema salfa si sumu, anasoma lebo kwa usahihi. Msikilizaji huelewa jambo pana zaidi, kwamba inaweza kuvutwa. Kati ya kauli ya kwanza na uelewa wa pili hakuna mtu aliyesema uongo.

Kikohozi kisicho na jina

Nchini Tanzania, mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi huchunguzwa kifua kikuu. Utaratibu huo umeokoa maisha mengi na haupaswi kulegezwa. Tatizo huanza majibu yanapokuja hayana kifua kikuu na kikohozi kipo pale pale. Mtu hupewa viuavijasumu, hupata nafuu kwa sababu msimu wa salfa umekwisha, kisha hurudi Julai inayofuata. Kwa mwanamke anayekaanga korosho zenye maganda ili azibangue nyumbani, picha huchanganyika zaidi, kwa kuwa moshi wa mafuta ya ganda la korosho nao huwasha macho na koo. Swali moja lingeyatenganisha haya kwa kiasi kikubwa: kikohozi huanza mwezi gani, na mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani mwezi huo? Swali hilo halihitaji mashine wala maabara.

Upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 zimejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Kijana anayekwenda shamba hadi shamba na kulipwa kwa idadi ya mikorosho hana mwajiri wa namna hiyo, na mara nyingi mwenye shamba mwenyewe ndiye mpuliziaji.

Kinga na suala la maji

Kitambaa au khanga iliyofungwa usoni huzuia unga mzito na kupitisha unga mwembamba. Barakoa ya kuchuja vumbi, ikibana vizuri usoni, hupunguza sana vumbi, lakini haizuii mvuke wa petroli; huo huhitaji kichujio chenye mkaa maalumu. Vifaa hivyo huloa jasho, huziba na hugharimu fedha kila msimu. Hatua nyingine zina gharama ndogo: kusimama upande unakotoka upepo hata kama ni hafifu, kupulizia mikorosho ya uani mwisho watu wakiwa wamekwisha kuondoka, kubadili nguo kabla ya kuingia ndani, kutumia pampu ya mkono kuhamisha petroli, na kupogolea matawi ya ndani ili hewa na mwanga vipite na unga upungue.

Njia inayobadili tatizo lenyewe ni viuakuvu vya maji. Navyo vina hatari zake, hasa wakati wa kuvichanganya, lakini matone makubwa hutua haraka na hayaelei hadi asubuhi. Hapa jiografia ya Mtwara inaingilia. Vinahitaji maji, na uwanda wa juu wa Makonde, wenye mikorosho mingi, una historia ndefu ya uhaba wa maji. Mkulima wa Newala anayenunua maji ya kunywa kwa ndoo hatayamwaga juu ya mkorosho, na salfa ya unga itabaki kuwa chaguo lake hadi miche inayostahimili ubwiriunga ichukue nafasi ya mikorosho ya zamani. Bondeni, kandokando ya Ruvuma, hali hiyo haipo kwa kiwango kile. Vijiji vya Kitaya na Mahurunga viko jirani na mto, na huko unga na maji vinaweza kulinganishwa shambani, katika msimu mmoja, kwa kupima maua yaliyopona pamoja na mapafu ya waliopulizia.